Dirisha gani liko mbele? Dalili, vyanzo na tiba kwa waandishi wa programu za mezani

Muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Lamu anapitisha skana juu ya kopo la rangi. Skana inalia, lakini kwenye programu ya mauzo hakuna kilichoongezeka. Badala yake, mteja aliyekuwa akiulizia bei ya saruji kwa WhatsApp anapokea ujumbe wa tarakimu 13 zinazoanza na 616, alama ya bidhaa zilizosajiliwa Kenya. Skana nyingi za USB hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi: huandika tarakimu za msimbopau, kisha hubonyeza Enter, na Enter ndiyo iliyotuma ujumbe. Namba imekwenda kwenye dirisha lililokuwa mbele, na dirisha hilo halikuwa la mauzo.

Hapo mwenye duka anamwambia kijana aliyemwandikia programu: "Mwanangu, ifanye hii mashine ijue niko dirisha gani." Naye anajibu, "Sawa ami, nitalishughulikia," akidhani ni kazi ya jioni moja.

Ombi hilo lina maswali matatu ndani yake, na hitilafu nyingi nitakazozitaja hapa zimetokana na kuuliza swali moja huku jibu linalohitajika ni la jingine. Katika kompyuta nzima, ni dirisha gani ambalo mtumiaji analifanyia kazi sasa hivi? Ndani ya programu yangu, ni dirisha gani lililo amilifu? Na ndani ya dirisha hilo, ni kisanduku gani kinachopokea herufi za kibodi? Windows ina fanksheni kwa kila swali: GetForegroundWindow, GetActiveWindow na GetFocus, kwa mpangilio huo. Majina yamekaribiana kiasi kwamba mtu huchukua la kwanza aliloliona, kisha akashinda siku nzima akitafuta kosa mahali ambapo halipo.

Mifano yangu mingi ni ya Windows na C#, kwa kuwa ndizo zilizo kwenye kaunta za maduka na nyumba za wageni ninazohudumia Lamu na Shela. Linux na macOS nimezigusa mwishoni.

Kabla ya dawa, weka kipimo

Usipige ramli. Andika programu ndogo inayosajili kwenye faili, kila nusu sekunde, saa, namba ya dirisha la mbele, namba ya mchakato wake na kichwa chake. Kiini chake ni hiki:

```
[DllImport("user32.dll")]
static extern IntPtr GetForegroundWindow();

[DllImport("user32.dll")]
static extern uint GetWindowThreadProcessId(
    IntPtr dirisha, out uint mchakato);

[DllImport("user32.dll", CharSet = CharSet.Unicode)]
static extern int GetWindowText(
    IntPtr dirisha, StringBuilder kichwa, int ukubwa);
```

Iache ifanye kazi wakati kaunta ina watu kwelikweli: mashua za kutoka Mokowe zimeshusha mzigo, punda wanasubiri kupakiwa saruji, na muuzaji anaruka kutoka dirisha la mauzo hadi daftari la madeni kwenye Excel, kisha kwenye kivinjari, kisha anarudi. Ukijaribu peke yako nyumbani, ukibonyeza polepole kitu kimoja kimoja, hutaona yanayotokea pale.

Jambo moja lisipuuzwe. Vichwa vya madirisha vina majina ya wateja, ya faili na ya watu wanaoandikiana ujumbe. Mwambie mwenye duka na muuzaji kwamba unasajili vichwa hivyo, eleza ni kwa muda gani, na ufute faili ukimaliza. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata isingekuwepo, mtu anayekaa kwenye kaunta ana haki ya kujua kinachoandikwa juu yake.

Dalili: jibu ni programu yangu mwenyewe kila mara

Hii ni rahisi. Umeweka kitufe cha "Tafuta dirisha la mbele", unakibonyeza, na jibu ni dirisha lenye kitufe hicho. Jibu ni sahihi: ulipobonyeza, ulilileta dirisha lako mbele. Ukiendesha jaribio kutoka kwenye terminali, utapata terminali. Weka subira ya sekunde tatu kati ya kubonyeza na kuuliza, uhamie dirisha jingine, kisha usome jibu.

Ndugu yake mgumu zaidi ni hili: msimbo unafanya kazi vizuri ukiuacha ukimbie, lakini ukiusimamisha katikati ya mstari ili uukague, thamani zote zinageuka. IsActive ya WPF inasema hapana kwa kila dirisha, na Form.ActiveForm ya Windows Forms ni null, yaani hakuna kitu (WPF na Windows Forms ni maktaba mbili za .NET za kutengeneza madirisha). Visual Studio ndiyo iliyoshika nafasi ya mbele pale msimbo uliposimama. Hitilafu za dirisha amilifu hazikaguliwi kwa kusimamisha msimbo. Ziandike kwenye faili, au tumia Debug.WriteLine, au hamishia ukaguzi kwenye kompyuta ya pili.

Dalili: napata sifuri, na dirisha naliona kwa macho yangu

Hapa ndipo watu wanapokwama zaidi, na vyanzo ni vingi, kwa hiyo nitakaa.

Chanzo kinachoongoza ni GetActiveWindow kuitwa kutoka thredi (mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu) isiyo na dirisha. Fanksheni hii haiulizi kompyuta, wala haiulizi programu yako yote. Inauliza foleni ya ujumbe ya thredi iliyoiita, basi. Ni sawa na kumuuliza mwenye nyumba nani ameketi barazani: atakutajia waliokaa kwenye baraza yake, na ikiwa tupu atasema hakuna mtu, hata kama mtaa mzima umejaa watu kwenye baraza za majirani.

Sasa angalia taima uliyotumia. System.Windows.Forms.Timer huita msimbo wako kwenye thredi ya fomu, na hapo GetActiveWindow itajibu vizuri maadamu programu yako iko mbele. System.Threading.Timer huita msimbo huohuo kwenye thredi ya akiba, isiyo na dirisha hata moja, na jibu litakuwa sifuri daima. Ndivyo ilivyo pia ndani ya Task.Run. Mtu anabadilisha taima ili programu isigandegande, na ghafla kipengele ambacho hakukigusa kinakufa. Ukiona sifuri isiyobadilika, chapisha Environment.CurrentManagedThreadId mahali fomu inapoundwa na mahali unapouliza. Namba zikitofautiana, umempata mhalifu. Kama unataka dirisha la programu yako, rudisha swali kwenye thredi ya fomu kwa Invoke, au Dispatcher.Invoke kwa WPF. Kama unataka dirisha la kompyuta nzima, tumia GetForegroundWindow, ambayo haijali imeitwa na thredi ipi.

Utakutana na ushauri wa kutumia AttachThreadInput ili thredi yako iungane na foleni ya thredi nyingine, kisha uulize GetActiveWindow au GetFocus. Inafanya kazi, na siipendekezi hata kidogo. Ukishaunganisha foleni hizo, programu ya mwenzako ikiganda na yako inaganda nayo, na kwenye kaunta hakuna atakayejua nani aliyemvuta mwenziwe. Tumia GetGUIThreadInfo. Ukiipa sifuri mahali pa namba ya thredi, inakuletea habari za thredi ya mbele: dirisha lililo amilifu na kisanduku chenye fokasi, yaani kinachopokea herufi, bila kuunganisha chochote. Kumbuka tu kujaza cbSize kwa ukubwa wa muundo wa GUITHREADINFO kabla ya kuita. Ukisahau, itashindwa na utadhani tatizo liko kwingine.

Chanzo cha pili: sifuri inakuja mara mojamoja, kisha inatoweka. GetForegroundWindow ina ruhusa ya kurudisha null, kwa mfano pale dirisha moja linapopoteza nafasi na jingine halijaichukua. Hiyo si hitilafu. Hitilafu ni msimbo wako kudhani kwamba lazima kuwe na jibu. Ukipata null, shikilia jibu la mwisho ulilolijua, kisha uulize tena baada ya muda mfupi. Usiandike "mtumiaji ameondoka", na usifunge ankara iliyo wazi.

Chanzo cha tatu ni skrini iliyofungwa. Muuzaji ameondoka kidogo, skrini imejifunga na iko kwenye ukurasa wa kuingiza nenosiri. Programu yako haitapata dirisha la maana hapo. Tukio la SystemEvents.SessionSwitch litakuambia skrini imefungwa au imefunguliwa. Tulia hadi ifunguliwe.

Chanzo cha nne huwapata wanaotaka programu ianze yenyewe, kwa hiyo wakaifanya kuwa huduma ya Windows, au wakaiweka kwenye Task Scheduler kwa chaguo la kuendeshwa hata kama mtumiaji hajaingia. Tangu Windows Vista, huduma huishi kwenye kikao namba 0, kilichotenganishwa na kikao cha mtu aliyeketi mbele ya skrini. Kutoka huko madirisha yake hayaonekani, na hakuna ujanja wa msimbo utakaosaidia. Gawa kazi: huduma ibaki na hifadhidata, na programu ndogo ianze mtumiaji anapoingia, itazame madirisha na kuipasha huduma habari.

Dalili: kidirisha cha ujumbe kinajificha nyuma ya fomu

Nyumba ya wageni Shela, mgeni anaondoka. Mpokezi anabonyeza "Lipa", kidirisha cha kuthibitisha malipo ya M-Pesa hakionekani, na fomu haikubali kubonyezwa. Anadhani mashine imeganda, anaizima kwa kitufe. Kidirisha kilikuwepo wakati wote, nyuma.

Kidirisha hicho hakina mmiliki, au kimepewa asiye wake. Mwandishi aliandika hivi:

```
kidirisha.ShowDialog(Form.ActiveForm);
```

Form.ActiveForm hurudisha null ikiwa dirisha lililo mbele ni la programu nyingine. Mpokezi alibonyeza "Lipa", programu ikasubiri jibu la malipo kupitia intaneti, naye katika kusubiri akahamia kwenye kivinjari kuangalia nafasi za wageni. Jibu liliporudi, hapakuwa na fomu amilifu, kwa hiyo mmiliki akawa null na kidirisha kikaachwa kijitafutie mahali. Mtandao ukiwa wa kasi huioni dalili hii, kwani mtu hapati nafasi ya kuhama. Ndiyo sababu inatokea kwa mteja na haitokei mezani kwako.

Usiulize dirisha amilifu wakati wa kufungua kidirisha. Fomu iliyoanzisha kazi unaijua: ni ile yenye kitufe kilichobonyezwa. Ipitishe moja kwa moja, `kidirisha.ShowDialog(this)`. Inapokuwa lazima msimbo wa ndani ujue dirisha bila kupewa, tunza kumbukumbu: kila dirisha linapopata tukio la Activated, liandike kama la mwisho kutumika, na likifungwa liondoe. Kumbukumbu hiyo haipotei mtumiaji akihamia programu nyingine.

Kwa WPF, wengi hutumia mstari huu:

```
var dirisha = Application.Current.Windows
    .OfType<Window>()
    .FirstOrDefault(d => d.IsActive);
```

Ni mzuri maadamu unakubali kwamba utarudisha null programu ikiwa nyuma. Angalia pia kwamba Application.Current.Windows huorodhesha madirisha yaliyoundwa kwenye thredi ya Application pekee. Ukiwa umefungua dirisha la ripoti kwenye thredi yake, hutaliona hapo hata likiwa mbele ya macho yako. Na null isikufanye ukimbilie MainWindow bila kufikiri: kama tayari kuna kidirisha kimoja kilichofunguliwa juu ya MainWindow, cha pili kitapewa mmiliki aliye chini, na mpangilio utavurugika. Vilevile Owner haiwezi kuwa dirisha ambalo halijawahi kuonyeshwa. WPF itatupa InvalidOperationException, na hii huonekana sana kwenye ujumbe wa makosa unaotokea programu inapoanza tu.

Wenye programu za MDI (fomu ndogo ndani ya fomu mzazi moja) wajue kwamba Form.ActiveForm inawapa fomu mzazi. Mtoto aliye mbele yuko kwenye ActiveMdiChild ya mzazi huyo.

Dalili: dirisha ni sahihi, lakini jina lake si sahihi

Kichwa kinasomeka kama alama za kuulizia tupu, `????`. Lamu ina walimu wa madrasa na watu wa maktaba wanaohifadhi faili kwa majina ya herufi za Kiarabu, na kichwa cha dirisha hubeba jina la faili. DllImport ya C# isipoambiwa kitu huchukua herufi za ANSI, seti ndogo inayofuata lugha ya mashine, na kwenye mashine iliyowekwa kwa Kiingereza herufi za Kiarabu hazimo. Andika CharSet.Unicode kama nilivyofanya pale juu. Kama kichwa kinakatika mwishoni, uliza GetWindowTextLength kwanza, ongeza moja, ndipo utenge nafasi.

Jina la programu linasomeka ApplicationFrameHost kwa programu za UWP, aina inayopatikana kwenye duka la Microsoft, kikokotoo kikiwemo. Huo ni mchakato unaobeba fremu ya nje. Programu yenyewe iko kwenye dirisha la ndani lenye darasa la Windows.UI.Core.CoreWindow. Pita kwenye madirisha ya ndani kwa EnumChildWindows, tafuta lile ambalo namba ya mchakato wake ni tofauti na ya fremu, na hilo ndilo lako.

Ukipata hitilafu ya kunyimwa ruhusa, programu iliyo mbele huenda imeendeshwa kama msimamizi na yako ni ya mtumiaji wa kawaida. Watu hukimbilia kuipa programu yao uwezo wa msimamizi. Usifanye hivyo kwa ajili ya jina tu. Ita OpenProcess kwa PROCESS_QUERY_LIMITED_INFORMATION, haki ndogo iliyokuja na Vista, kisha QueryFullProcessImageName. Njia hiyo inaponya pia tatizo la Process.MainModule kutupa hitilafu pale programu yako ya biti 32 inapoulizia ya biti 64.

Na kama unachotafuta ni maandishi yaliyo ndani ya kisanduku cha programu nyingine, GetWindowText haitakuletea. Hiyo ni kazi ya UI Automation, maktaba ya Windows ya kusoma yaliyomo ndani ya programu nyingine.

Dalili: nilijua dirisha, lakini nilipotumia jibu lilikuwa limebadilika

Unauliza kila sekunde moja. Muuzaji anabadilisha dirisha mara mbili ndani ya sekunde hiyo, na skana inamaliza tarakimu zake zote 13 kabla hujauliza tena. Kuongeza kasi ya kuuliza hakutibu, kunapunguza tu idadi ya makosa. Acha kuuliza, anza kuambiwa: SetWinEventHook kwa EVENT_SYSTEM_FOREGROUND, ambayo thamani yake ni 0x0003, humwita msimbo wako kila dirisha la mbele linapobadilika.

Nayo ina dalili zake. Isipoitwa kabisa, thredi iliyojisajili haina mzunguko wa ujumbe. Fomu inao. Programu ya terminali haina hadi uuweke, kwa mfano kwa Application.Run. Ikiitwa kwa muda kisha programu ikaanguka bila maelezo ya maana, umepitisha deligeti (kielekezo cha fanksheni katika C#) ambayo hakuna kitu kwenye msimbo wako kinachoishikilia. Mkusanya taka wa .NET ameiondoa, na Windows inaita anwani isiyo na mtu. Iweke kwenye uga wa tuli:

```
static WinEventProc mshikaji = DirishaLimebadilika;
```

Halafu mshikaji huyo ndiye umpitishe. Hii huonekana baada ya dakika kadhaa za kazi, mara nyingi kumbukumbu inapojaa, kwa hiyo jaribio fupi halitaifichua.

Ikiwa unaambiwa madirisha yakibadilika lakini hupati habari mtu anapohama kutoka tabo ya WhatsApp kwenda tabo nyingine, ni kwa sababu dirisha la mbele halikubadilika: kivinjari ni kilekile. Kilichobadilika ni kichwa. Jisajili pia kwa EVENT_OBJECT_NAMECHANGE, 0x800C, na uchuje ili upokee za dirisha la mbele tu, kwani matukio hayo humwagika kwa wingi.

Dalili: nalijua dirisha langu, nalivuta mbele, halitaki

SetForegroundWindow inarudisha false (hapana), na kitufe cha programu kwenye upau wa kazi kinawaka na kuzima. Windows hairuhusu programu iliyo nyuma kujirusha mbele ya mtu anayefanya kazi nyingine, na nakubaliana nayo kabisa. Fikiria mpokezi anaandika nambari ya pasipoti ya mgeni, dirisha lako linaruka mbele, na nusu ya nambari inaingia kwenye kisanduku cha bei. Mbinu za kuizunguka sheria hiyo zipo, zikiwemo za kujifanya umebonyeza kitufe cha Alt. Usizipeleke kwa mteja. Tumia FlashWindowEx kumwita mtumiaji, aje kwa hiari yake.

Kwa duka la vifaa, dawa haiko kwenye dirisha. Skana nyingi zinaweza kuhamishwa kutoka hali ya kibodi kwenda hali ya mlango wa COM (mlango wa data wa mfululizo) kwa kusoma msimbopau maalumu uliochapishwa kwenye kitabu chake. Baada ya hapo skana haiandiki tena kwenye dirisha lolote. Programu ya mauzo inafungua mlango huo kwa SerialPort na kupokea tarakimu popote alipo muuzaji, hata akiwa katikati ya kumjibu mteja. Kabla ya kutafuta dirisha amilifu, jiulize kwa dhati kama unalihitaji. Skana isiyo na hali hiyo inaweza kusomwa kwa Raw Input yenye RIDEV_INPUTSINK, ambayo inakuambia herufi zimetoka kwenye kifaa gani hata programu ikiwa nyuma. Haizizuii, hata hivyo, zisifike pia kwenye dirisha la mbele. Tarakimu zitaingia kwenye mauzo, na kwa mteja wa WhatsApp pia.

Nje ya Windows, na kwa maktaba nyingine

Qt ina QApplication::activeWindow(), na Java Swing ina KeyboardFocusManager.getCurrentKeyboardFocusManager().getActiveWindow(). Zote zinajibu kuhusu madirisha ya programu yako pekee, na zote zinarudisha null ukiwa nje yake. Electron ina BrowserWindow.getFocusedWindow(), yenye tabia hiyohiyo.

Kwenye macOS, NSWorkspace.shared.frontmostApplication inakupa programu iliyo mbele, na NSApp.keyWindow dirisha lako linalopokea kibodi. Kama CGWindowListCopyWindowInfo inakuletea madirisha ya programu nyingine bila vichwa vyake, angalia ruhusa ya kurekodi skrini kwenye mipangilio ya faragha. Imekuwa lazima tangu macOS 10.15, na bila ruhusa hiyo hupati hitilafu yoyote, unapata tu nafasi tupu.

Linux inahitaji swali moja kwanza, ni mfumo gani wa kuonyesha madirisha unaotumika, X11 au Wayland:

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
```

Ikijibu x11, dirisha la mbele limeandikwa kwenye dirisha la mzizi kama sifa ya _NET_ACTIVE_WINDOW. Isome kwa `xprop -root _NET_ACTIVE_WINDOW`, au tumia `xdotool getactivewindow`. Ikijibu wayland, zana hizohizo zitaonekana kufanya kazi kwa baadhi ya programu na kukwama kwa nyingine, na hapo ndipo watu hudhani xdotool imeharibika. Zinazoonekana ni programu za zamani zinazopita kwenye XWayland, daraja la programu za X11. Zile zinazozungumza Wayland moja kwa moja hazionekani, kwa kuwa Wayland haiipi programu moja njia ya kujua madirisha ya nyingine. Hilo limekusudiwa, kwa usalama.

Ubuntu 22.04, ambayo wengi wameiweka kwenye kompyuta zilizotumika, huanza na Wayland kwenye mashine nyingi. Unaweza kuchagua kikao cha Xorg kwa alama ya gurudumu kwenye ukurasa wa kuingia, na kwa kaunta moja unayoisimamia mwenyewe hilo linatosha. Kwa programu utakayoisambaza, chukua njia ya kiendelezi cha GNOME au hati ya KWin kwa KDE (GNOME na KDE ni mazingira ya mezani ya Linux), kwa kuwa msimamizi wa madirisha ndiye pekee anayelijua jibu. Madirisha ya programu yako mwenyewe Qt na GTK bado zitakutajia bila shida, hata chini ya Wayland.